Arthur Young (afisa wa polisi)

Sir Arthur Edwin Young (15 Februari 1907 – 20 Januari 1979) alikuwa afisa mwandamizi wa polisi wa Uingereza. Alikuwa Kamishna wa Polisi wa City of London kuanzia mwaka 1950 hadi 1971. Katika miaka hiyo aliazimwa mara kadhaa na serikali yake kwenda kuchunguza, kuongoza au kurekebisha polisi wa nchi nyingine: Pwani ya Dhahabu (leo Ghana), Malaya, Kenya na Eire ya Kaskazini.

Katika Afrika Mashariki anajulikana kwa muda mfupi aliokuwa Kamishna wa Polisi wa Kenya mwaka 1954, wakati wa vita vya Mau Mau. Alijiuzulu kabla ya kutimiza mwaka mmoja, kwa sababu serikali ya koloni haikuwa tayari kuwaachia polisi wachunguze mauaji na mateso yaliyofanywa na watu wa upande wake. Taarifa aliyoandika kueleza sababu hizo serikali ilikataa kuitangaza.

Maisha ya awali

Young alizaliwa Eastleigh, katika jimbo la Hampshire, kusini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa mkandarasi wa ujenzi. Alisoma Portsmouth Grammar School, lakini aliacha shule akiwa na umri wa miaka kumi na sita hivi. Mwishoni mwa mwaka 1924 aliajiriwa kama karani kijana katika ofisi ya mkuu wa polisi wa mji wa Portsmouth, na mwaka uliofuata akawa konstebo.

Alipanda vyeo hatua kwa hatua, akapitia kazi ya upelelezi hadi akawa inspekta. Jambo hili lina uzito katika historia ya polisi wa Uingereza. Wakati huo nafasi nyingi za juu bado zilikuwa zikipewa wanajeshi wastaafu na watu wa koo kubwa ambao hawakuwahi kufanya doria mitaani. Young alikuwa miongoni mwa kizazi kipya cha wakuu walioanzia chini.

Mwaka 1938, akiwa na umri wa miaka 31, aliteuliwa kuwa mkuu wa polisi wa mji mdogo wa Leamington Spa. Alikuwa mmoja wa wakuu wa polisi vijana zaidi nchini.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia

Mwezi Novemba 1940 ndege za Ujerumani zilibomoa sehemu kubwa ya mji wa Coventry, ambao uko jirani na Leamington Spa. Young alikwenda kusaidia polisi wa mji huo. Mwaka 1941 alihamia Birmingham, mji wa pili kwa ukubwa Uingereza, akiwa msaidizi mwandamizi wa mkuu wa polisi.

Mwaka 1943 alichukuliwa kwa kazi ya kuandaa maafisa ambao wangesimamia usalama wa raia katika nchi zilizokombolewa. Kisha alipelekwa Italia akiwa na cheo cha kanali, kama mkurugenzi wa usalama wa raia katika utawala wa majeshi ya washirika. Huko alikuta polisi waliozoea kutumikia chama cha Kifashisti kwa miaka ishirini, na kazi yake ikawa kuwarudisha chini ya sheria. Tangu wakati huo watu wengi walimwita Kanali Young, ingawa hakuwa mwanajeshi wa kudumu.

Kurudi Uingereza

Mwaka 1945 akawa mkuu wa polisi wa jimbo la Hertfordshire, kaskazini mwa London. Mwaka 1947 aliingia makao makuu ya Polisi wa London, Scotland Yard, akiwa Kamishna Msaidizi aliyeshughulikia uajiri na mafunzo.

Mwaka 1950 aliteuliwa kuwa Kamishna wa Polisi wa City of London. City of London ni eneo dogo la katikati ya jiji, lenye ukubwa wa takriban maili moja ya mraba, ambamo zimo benki kuu na ofisi za fedha. Lina polisi wake, ambao si sehemu ya Polisi wa London kwa jumla. Young alikuwa Kamishna wa kwanza wa eneo hilo aliyeanza kazi kama konstebo wa kawaida.

Polisi wa Uingereza na polisi wa makoloni

Mgogoro wa Kenya hauwezi kueleweka bila kujua tofauti ya mifumo miwili ya polisi ambayo Uingereza ilikuwa nayo kwa wakati mmoja.

Nyumbani Uingereza polisi wa kawaida hakubeba bunduki. Alihesabiwa kuwa raia aliyepewa mamlaka na sheria yenyewe. Mahakama ilieleza mwaka 1930, katika kesi ya mji wa Oldham, kwamba konstebo anapomkamata mtu hafanyi hivyo kama mtumishi wa baraza la mji lililomwajiri, bali anatumia mamlaka yake mwenyewe ya kisheria. Kutokana na wazo hilo ilikubalika kwamba meya au waziri hawezi kumwamuru mkuu wa polisi amkamate nani au amwache nani.

Katika makoloni mfumo ulikuwa mwingine. Mfano wake ulikuwa polisi wa zamani wa Ireland, waliokuwa na silaha, wakikaa kambini na kupokea amri kutoka serikalini. Kamishna alikuwa chini ya Gavana. Wilayani, afisa wa polisi alifanya kazi chini ya kivuli cha Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya, ambaye alisimamia kodi, machifu na amani, na mara nyingi alikuwa pia hakimu. Katika wilaya za Tanganyika kama Handeni na Korogwe mambo yalikuwa hivyo hivyo. Mtawala na mlinzi wa sheria walikaa meza moja. Ikiwa aliyetenda kosa alikuwa chifu, askari au mtu mwingine wa serikali, uchunguzi wake ulitegemea hiari ya serikali hiyohiyo.

Young aliamini kwamba mfumo wa kwanza ungeweza kupandikizwa katika makoloni, hata wakati wa vita.

Pwani ya Dhahabu na Malaya

Mwaka 1951 alikwenda Pwani ya Dhahabu kuchunguza hali ya polisi na kutoa mapendekezo. Koloni hilo lilikuwa limetikiswa na ghasia za Accra za mwezi Februari 1948, zilizoanza baada ya polisi kuwapiga risasi askari wastaafu waliokuwa wakiandamana kwenda kwa Gavana.

Mwaka 1952 alitumwa Malaya, ambako Uingereza ilikuwa ikipigana na wapiganaji wa Kikomunisti tangu mwaka 1948. Balozi Mkuu wa Uingereza huko, Sir Henry Gurney, alikuwa ameuawa njiani mwezi Oktoba 1951, na nafasi yake ilichukuliwa na Jenerali Sir Gerald Templer. Polisi wa Malaya walikuwa wameongezwa haraka mno, wengi wao wakiwa na bunduki bila mafunzo. Young alipunguza idadi yao, akawarudisha darasani na kusisitiza kwamba kazi yao ya kwanza ni kuwahudumia wananchi. Kampeni hiyo iliitwa Operation Service, na nembo yake ilikuwa mikono miwili inayoshikana.

Serikali ya Uingereza iliona Malaya kama mafanikio. Ni lazima ikumbukwe, hata hivyo, kwamba Young alikuwa na Templer aliyemuunga mkono. Pia polisi hao walikuwa sehemu ya vita ambamo mamia ya maelfu ya wanavijiji, wengi wao Wachina, walihamishwa kwa nguvu na kuwekwa katika vijiji vipya vilivyozungushiwa seng'enge. Mwaka 1953 Young alirudi kwenye ofisi yake ya London.

Kenya, 1954

Hali aliyoikuta

Gavana Sir Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari nchini Kenya tarehe 20 Oktoba 1952. Chanzo kikuu cha vita vya Mau Mau kilikuwa ardhi: Wakikuyu wengi walikuwa wamekosa mashamba, huku maeneo makubwa ya nyanda za juu yakiwa yametengwa kwa walowezi Wazungu. Jeshi lilikuwa chini ya Jenerali Sir George Erskine. Polisi waliongezwa haraka, pamoja na polisi wa akiba ambao wengi wao walikuwa walowezi. Katika vijiji vya Wakikuyu serikali iliunda kikosi cha wenyeji waliokuwa upande wake, ambao wananchi waliwaita Homugadi.

Watu waliokamatwa walipelekwa kwenye kambi za kuchujwa, ambako walihojiwa ili ijulikane kama wamekula kiapo cha Mau Mau. Katika kambi nyingi kuhoji kulimaanisha kupiga. Habari zilianza kufika London, na mwezi Januari 1954 ujumbe wa wabunge wa vyama mbalimbali ulitembelea Kenya. Taarifa yao ilisema kwamba ukatili na makosa ya polisi yalikuwa yamefikia kiwango cha kuharibu imani ya wananchi kwa vyombo vya sheria. Waziri wa Makoloni, Oliver Lyttelton, alimwomba Young akarudie huko kazi aliyoifanya Malaya.

Kazi yake

Young aliwasili Kenya mwezi Machi 1954. Mwezi uliofuata, tarehe 24 Aprili, jeshi na polisi waliuzingira mji wa Nairobi katika Operesheni Anvil na kuwakamata maelfu kwa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru. Kwa hiyo alianza kazi ya kujenga imani ya wananchi katika wakati uleule ambao polisi wake walikuwa wakiwajaza watu kwenye malori.

Alitaka mambo matatu. La kwanza, polisi wapate mafunzo na nidhamu, na askari wabaya waondolewe. La pili, Idara ya Upelelezi wa Makosa ya Jinai iwe na watu wa kutosha na ichunguze kila kifo na kila malalamiko ya mateso, hata kama mtuhumiwa ni Mzungu, chifu au Homugadi. La tatu, polisi wawe chini ya sheria peke yake, wasiwe tena chini ya amri ya mabwana shauri.

Jambo la kwanza halikumletea upinzani mkubwa. Mawili yaliyobaki ndiyo yaliyovunja kazi yake.

Mgogoro na serikali

Wapelelezi wa Young walianza kufungua majalada ya kesi dhidi ya Homugadi na machifu, hasa katika wilaya za Wakikuyu kama Nyeri. Watawala wa wilaya na majimbo walipinga. Hoja yao ilikuwa kwamba Homugadi walihatarisha maisha yao kwa ajili ya serikali, na kwamba wakishtakiwa wangevunjika moyo, wangeacha kazi na pengine kuhamia msituni na silaha zao. Gavana Baring alikubaliana na hoja hiyo, akamsihi Kamishna apunguze kasi.

Young aliona kinyume chake. Kwa maoni yake, mwananchi anayeona kwamba muuaji akiwa upande wa serikali hashtakiwi hana sababu ya kuiamini serikali hiyo, na polisi wanaofumbia macho mauaji hayo wanakuwa washiriki.

Mwezi Novemba 1954 alimwandikia Gavana kwamba hali katika baadhi ya kambi za mchujo ilikuwa ya kutisha na ilipaswa kuchunguzwa bila kuchelewa. Hakupata jibu lililomridhisha.

Mahakama nazo zilikuwa zikiona alichokiona. Mwezi Desemba 1954 Jaji Cram alitoa hukumu katika kesi iliyohusu kituo cha Homugadi cha Ruthagathi, huko Nyeri. Alieleza jinsi watu walivyofungwa kituoni humo bila amri ya sheria, wakapigwa na kuteswa ili wakiri. Maneno ya jaji yaliigusa serikali yenyewe, kwa kuwa kituo hicho hakikuwa cha siri.

Kujiuzulu

Katikati ya mwezi Desemba 1954 Young alijiuzulu. Aliandika pia taarifa ndefu ya kueleza kwamba hakuwa amepewa uhakika wowote kwamba polisi wangeachwa wafanye kazi yao bila kuingiliwa, na kwamba makosa makubwa ya watu wa serikali yalikuwa yakifunikwa.

Waziri mpya wa Makoloni, Alan Lennox-Boyd, hakutaka taarifa hiyo isomwe na umma. Badala yake ilitolewa kauli fupi ya pamoja iliyosema kwamba kulikuwa na tofauti ya maoni kuhusu nafasi ya polisi katika koloni. Young aliikubali kauli hiyo, akarudi City of London. Wabunge wa chama cha Leba walidai katika Bunge la Makabwela kwamba taarifa kamili itolewe, lakini serikali ilikataa.

Tarehe 18 Januari 1955, wiki chache tu baada ya Young kuondoka, Gavana Baring alitangaza msamaha wa pande mbili. Wapiganaji wa Mau Mau ambao wangejisalimisha hawangenyongwa kwa makosa yao ya nyuma, na Homugadi nao hawangeshtakiwa kwa makosa waliyoyatenda kabla ya siku hiyo. Kwa tangazo hilo kesi za aina ile aliyozipigania Young zilifungwa. Nafasi ya Kamishna ilichukuliwa na Richard Catling, afisa aliyewahi kufanya kazi Palestina na Malaya.

Matokeo ya baadaye nchini Kenya

Mbunge Barbara Castle wa chama cha Leba aliendelea kufuatilia jambo hili, na mwezi Novemba 1955 alikwenda Kenya kujionea mwenyewe. Kambi ziliendelea. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 walipigwa hadi kufa katika kambi ya Hola, na kwanza ilitangazwa kwamba walikufa kwa sababu ya maji waliyokunywa. Tukio hilo ndilo lililoharakisha mwisho wa mfumo wa kambi.

Kwa hesabu ya mwanahistoria David Anderson, watu 1,090 walinyongwa na serikali ya koloni kwa makosa yanayohusiana na Mau Mau. Anderson na Caroline Elkins, ambao vitabu vyao vilitoka mwaka 2005, walieleza kwa kirefu habari za Young na kujiuzulu kwake.

Mwaka 2009 wazee wa Kenya walioteswa katika kambi walifungua kesi dhidi ya serikali ya Uingereza katika Mahakama Kuu ya London. Wakati wa kesi hiyo serikali ilikiri kuwa na maelfu ya majalada ya koloni yaliyofichwa katika jengo la Hanslope Park. Tarehe 6 Juni 2013 Waziri wa Mambo ya Nje, William Hague, alieleza bungeni masikitiko ya serikali na kutangaza fidia na gharama za jumla ya pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Hadi siku hiyo ilikuwa imepita miaka 58 na zaidi tangu Kamishna wa Polisi wa koloni hilohilo aieleze serikali kilichokuwa kikitendeka.

Eire ya Kaskazini, 1969–1970

Young alipewa cheo cha Sir mwaka 1965. Mwezi Agosti 1969 ghasia kubwa zilizuka Eire ya Kaskazini kati ya Wakatoliki na Waprotestanti, na polisi wa huko, Royal Ulster Constabulary, walilaumiwa kwa kupendelea Waprotestanti. Kamati iliyoongozwa na Lord Hunt ilipendekeza mwezi Oktoba 1969 kwamba polisi hao wasibebe tena silaha kwa kawaida, na kwamba kikosi chao cha akiba, kilichochukiwa sana na Wakatoliki, kivunjwe. Waziri wa Mambo ya Ndani, James Callaghan, alimtuma Young Belfast kutekeleza mapendekezo hayo.

Siku zake za kwanza zilikuwa ngumu. Usiku wa tarehe 11 Oktoba 1969 Waprotestanti wenye hasira walifanya ghasia kupinga taarifa hiyo, na konstebo Victor Arbuckle akapigwa risasi na kufa. Hata hivyo kikosi cha akiba kilivunjwa mwaka 1970, na mwaka huohuo iliundwa mamlaka ya kiraia ya kusimamia polisi.

Hapa pia alikutana na tatizo alilolijua. Mwezi Aprili 1969 polisi waliingia nyumbani kwa Samuel Devenny katika mji wa Derry na kumpiga yeye pamoja na watu wa familia yake; Devenny alifariki mwezi Julai. Young aliwaita wapelelezi kutoka Scotland Yard. Walirudi bila kuwatambua waliohusika, na mwezi Novemba 1970 Young alisema hadharani kwamba polisi walikuwa wamekula njama ya kukaa kimya. Mara hii hakukubali kauli ya kupoza mambo. Aliondoka Eire ya Kaskazini mwezi huohuo.

Miaka ya mwisho

Alistaafu City of London mwaka 1971, baada ya miaka 21 ya ukamishna, akafariki tarehe 20 Januari 1979 akiwa na umri wa miaka 71.

Tathmini

Wapo wanaomtaja Young kama afisa aliyethubutu kuweka sheria juu ya serikali iliyomtuma. Kati ya maafisa wakuu wa Kenya wakati wa hali ya hatari, ni wachache walioacha kazi kwa sababu kama yake.

Kwa upande mwingine, alikuwa mtumishi wa dola ya kikoloni na hakupinga ukoloni wenyewe. Alitaka polisi safi ndani ya mfumo ambao wananchi wake hawakuuchagua. Anaweza kulaumiwa pia kwa kukubali kauli ya pamoja ya mwaka 1955. Wakati huo kambi zilikuwa zimejaa, na kama angesema wazi alichokijua, huenda Bunge la Uingereza lingelazimika kuchukua hatua miaka minne kabla ya Hola.

Swali aliloliuliza halikwisha na ukoloni. Kenya, Tanganyika na Uganda zilipopata uhuru zilirithi majeshi ya polisi yaliyojengwa kwa mfano wa kikoloni, ambamo mkuu wa polisi aliteuliwa na mkuu wa serikali. Mijadala ya miaka ya karibuni katika nchi hizo kuhusu nani achunguze kifo cha mtu aliyekuwa mikononi mwa polisi inarudi kwenye hoja ileile aliyoiwasilisha kwa Gavana Baring.